Sanduku la magurudumu, begi la mgongoni au begi laini la begani: lipi litakuwa jepesi katika safari yako?

Mtu anayetafuta begi jepesi la safari hufika dukani, hulinyanyua begi likiwa tupu, huridhika na anachokisikia mkononi, kisha hulipa. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu begi tupu halisafiri. Linalosafiri ni lile lililojaa, nalo huvutwa, huinuliwa, hukandamizwa kwenye buti ya basi, hupandishwa bodaboda, huvushwa ngazi ya boti na mara nyingine huishia kichwani mwa mtu mwingine kabisa. Wepesi wake hujulikana katika kipande kigumu kuliko vyote cha safari, na kipande hicho hutofautiana kati ya msafiri na msafiri. Kwa mmoja ni foleni ya uwanja wa ndege, kwa mwingine ni uchochoro wa mawe kutoka gatini hadi nyumba ya wageni.

Nitalinganisha aina tatu ambazo watu wengi hukwama kati yake: sanduku la magurudumu, ambalo wengine huliita begi la matairi, begi la mgongoni, na begi laini la begani, lile refu kama mto wa kulalia, lenye mishikio miwili na mkanda mmoja mrefu. Zote nimezichukulia katika ukubwa wa safari ya siku tatu hadi kumi, si ule wa kuhama nyumba.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni uzito wa begi likiwa tupu, ukiwekwa kando ya uzito unaoruhusiwa. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines, ambayo ni mashirika yanayotumiwa na wasafiri wengi wa Afrika Mashariki kwenda nje, humruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia ndani ya ndege na begi la kilo 7. Begi lenye kilo 3 likiwa tupu limekwisha kula karibu nusu ya haki hiyo kabla shati la kwanza halijakunjwa, ilhali lenye kilo 1 linamwachia mwenyewe kilo 6 za vitu vyake. Katika mzigo wa kilo 23 unaosafirishwa chini ya ndege, tofauti hiyo hiyo ya kilo 2 haiumi sana. Kwa hiyo anayetaka kununua begi jepesi aanze kwa kujua kikomo chake ni kipi, ndipo atazame lebo.

Pamoja na uzito kuna vipimo. Ethiopian hukubali begi la kabini la sentimita 55 kwa 40 kwa 23, na Qatar Airways hukubali 50 kwa 37 kwa 25, hivyo begi lililopita bila swali katika safari moja laweza kukataliwa katika nyingine. Vipimo hivyo huhesabu magurudumu na mishikio, jambo ambalo baadhi ya wauzaji hulisahau wanapoandika urefu wa begi. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani na ulipime mwenyewe kuanzia chini ya gurudumu hadi juu ya mshikio.

Kigezo cha pili ni njia na mbebaji, yaani begi litapita juu ya nini, na mikononi au mgongoni mwa nani. Cha tatu ni vilivyomo ndani: jinsi begi linavyovilinda visivunjike, visilowe na visichukuliwe.

Kigezo cha nne ni umri wa begi katika hali ya hewa yetu na uwezekano wa kulitengeneza, nacho nadhani hupuuzwa kuliko vyote. Joto na unyevu wa pwani huiozesha taratibu poliuretheni, ile plastiki laini inayopakwa upande wa ndani wa vitambaa vingi vya mabegi ili visipitishe maji, na ambayo pia hutengenezewa magurudumu yasiyopiga kelele. Niliwahi kuliweka sanduku langu juu ya kabati, Tanga, kwa miaka kadhaa bila kulitumia. Machoni lilikuwa jipya. Siku nilipolishusha na kulivuta kuelekea stendi, mipira ya magurudumu ilimeguka kama biskuti kabla sijafika, na nusu ya njia nikaimaliza nikiwa nimelikumbatia kifuani. Vivyo hivyo, begi la kitambaa lililofungiwa muda mrefu hunata kwa ndani, hutoa harufu kali na kuacha magamba membamba juu ya nguo. Begi hulindwa zaidi kwa kutumiwa na kuanikwa mahali penye hewa kuliko kwa kufungiwa ndani ya mfuko.

Sanduku la magurudumu

Uzito. Kwa ukubwa wa kabini, masanduku mengi huwa kati ya kilo 2 na kilo 3 na nusu yakiwa matupu, kwa sababu mpini wa kuvuta, mirija yake, magurudumu na fremu vyote vina uzito ambao hauwezi kuondolewa. Katika yale yenye gamba gumu la plastiki, aina iitwayo polipropilini ndiyo nyepesi zaidi. Polikabonati ni nzito kidogo, lakini hubonyea na kurudi inapopigwa, wakati ABS, plastiki ya tatu ambayo hutumika sana katika masanduku ya bei nafuu, hupata ufa kwa urahisi zaidi. Mirija ya mpini na vikombe vya magurudumu hula pia nafasi ya ndani, kwa hiyo sanduku la sentimita 55 hubeba nguo chache kuliko begi la kitambaa lenye vipimo hivyo hivyo.

Njia na mbebaji. Magurudumu yalizaliwa kwa ajili ya sakafu laini. Bernard Sadow wa Marekani alipewa hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972, na mwaka 1987 rubani Robert Plath akabuni lile la kusimama wima lenye magurudumu mawili na mpini mrefu. Mahali palipo na sakafu ya aina hiyo, kama vile ukumbi wa uwanja wa ndege, stesheni za reli ya kisasa za Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, ama Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi, hakuna begi jingine linaloweza kushindana nalo: kilo 15 huvutwa kwa vidole viwili. Lakini ukishuka botini Zanzibar na kuingia vichochoro vya Mji Mkongwe, au ukitoka uwanja wa ndege wa Lamu, ambao uko kisiwa cha Manda, ukavuka kwa boti hadi mji usio na barabara za magari, sanduku hugeuka kuwa kasha la kubebwa kwa mshikio mmoja mfupi. Kwenye mchanga wa Paje au Nungwi magurudumu hayazunguki kabisa, hulima. Bodaboda nayo hulipokea kwa shida, kwa kuwa pembe zake humchoma abiria mgongoni au tumboni kulingana na mahali lilipowekwa.

Anayelichagua aangalie idadi ya magurudumu. Manne madogo yanayozunguka pande zote ni raha ukumbini, lakini hukimbia yenyewe penye mteremko na hunasa katika kila ufa. Mawili makubwa yaliyozama ndani ya mwili wa sanduku hustahimili lami mbovu, na mara nyingi huokoa sehemu ya kilo.

Vilivyomo. Hapa sanduku gumu lina heshima yake. Chupa ya manukato, kanzu iliyopigwa pasi, zawadi za vioo na dawa hufika salama hata mizigo mingine ikilaliwa juu yake, na vumbi la buti ya basi haliingii kwa wingi. Udhaifu wake uko kwenye zipu, kwa kuwa meno ya zipu yanaweza kutenganishwa kwa ncha ya kalamu hata kufuli ikiwa imefungwa, hivyo kufuli hiyo isikufanye uache fedha ndani. Kumbuka pia kwamba ndege ikijaa, masanduku ya kabini ndiyo ya kwanza kuombwa mlangoni yapelekwe chini. Chaja yenye betri ndani yake ikae mahali unapoweza kuitoa haraka, kwa maana betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mzigo wa chini.

Umri na ufundi. Gamba likipasuka, fundi wa mtaani hana la kufanya. Gurudumu lililofungwa kwa skrubu hubadilishwa, lililopigiliwa kwa ribiti huwa gumu zaidi, na mpini uliokwama mara nyingi ndio mwisho wa sanduku.

Anayefaa. Anayetoka mlangoni kwa teksi na kushuka mlangoni kwa teksi, mwenye maumivu ya mgongo au magoti, mwenye nguo zisizotakiwa kukunjamana, na mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye mgongo wake tayari una abiria.

Begi la mgongoni

Uzito. Begi la lita 30 hadi 40 lenye mikanda mizuri huwa na kati ya gramu 900 na kilo 1 na nusu hivi. Yapo mengine, ya kukunjwa hadi kuwa saizi ya ngumi, yasiyofika nusu kilo, lakini wepesi huo umepatikana kwa kuondoa sifongo ya mgongoni na mkanda wa kiunoni. Yakitiwa kilo 3 ni mazuri. Yakitiwa kilo 9 huning'inia, hukata mabega na kumfanya mbebaji ainame. Hili ndilo begi ambalo namba ya lebo hudanganya zaidi, kwani gramu 400 za mkanda mpana wa kiunoni huhamisha sehemu kubwa ya mzigo kutoka mabegani hadi kwenye mifupa ya nyonga, na begi zito kidogo likawa jepesi kubeba kuliko lile lililoonekana jepesi dukani. Kwa mzigo unaozidi kilo 8 mimi singekubali begi lisilo na mkanda huo.

Namna ya kupakia nayo hubadilisha wepesi. Vitu vizito, kama kompyuta na viatu, vikae karibu na uti wa mgongo, kwenye usawa wa katikati ya mgongo, na nguo laini zizungushwe nje yake. Ukiviweka mbali, begi hukuvuta nyuma kila hatua.

Njia na mbebaji. Linapita kila mahali penye nafasi ya mtu kupita: ngazi, mchanga, vichochoro, daladala iliyojaa. Linaacha mikono yote miwili huru, na faida hiyo huonekana unapokanyaga ukingo wa boti inayoyumba huku nahodha amekunyooshea mkono. Kwenye bodaboda ni rahisi, ila kwa tahadhari moja: begi zito na refu humvuta abiria nyuma pikipiki inapoondoka, kwa hiyo bora liwekwe mbele, kati ya dereva na abiria, au lifungwe nyuma kwa mpira. Gharama yake ni jasho. Ndani ya dakika kumi za jua la Mombasa mgongo huwa umelowa, na anayekwenda moja kwa moja kwenye kikao, harusi au msikitini akiwa amevaa kanzu atafika na mikunjo ambayo pasi ya nyumbani kwake haikuiweka.

Vilivyomo. Kompyuta hukaa vizuri likiwa na mfuko wake uliotengwa. Nguo hukunjamana, na kitu cha kuvunjika hutegemea ustadi wa anayepakia. Mvua ya masika hupenya kwenye zipu hata kama kitambaa hakipitishi maji, hivyo vitu vikae kwanza ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usitegemee kuupata mfuko wa plastiki wa dukani kwa kazi hiyo, kwani Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, na Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Nunua mfuko wa kitambaa cha mwavuli unaodumu. Penye msongamano, begi lililo mgongoni liko mikononi mwa aliye nyuma yako, kwa hiyo lihamishie kifuani.

Umri na ufundi. Hapa ndipo begi hili linanipendeza. Mshono wa mkanda ukifumuka, fundi viatu huushona kwa uzi wa nailoni, ukawa imara kuliko ulivyotoka kiwandani. Mabegi mazuri ya kupandia milima huonekana kwa bei ya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, na la Memorial, Moshi, na mengi yana miaka mingi ya kazi mbele yake. Geuza ndani nje kabla ya kulipa: likinata au likitoa magamba, liache hata kama limeng'aa kwa nje. Vuta zipu kubwa hadi mwisho na kurudi, mara tatu, likiwa limejazwa kitu, kwa kuwa zipu ya begi tupu hufungika hata ikiwa mbovu.

Kitambaa husomwa kwa denia, inayoandikwa D baada ya namba. Denia ni uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi, kwa hiyo 600D ni uzi mnene kuliko 210D. Hata hivyo nailoni huishinda poliesta nguvu kwa denia ile ile, na ndiyo maana begi la nailoni ya 210D yenye miraba midogo ya nyuzi nene, inayozuia mpasuko usiendelee, linaweza kudumu sawa na la poliesta ya 600D lililo zito zaidi.

Anayefaa. Mwanafunzi, mwandishi wa habari, mtafiti wa vijijini na yeyote anayebadilisha vyombo vya usafiri mara tatu au nne kwa siku. Halimfai mwenye matatizo ya uti wa mgongo, wala anayebeba mtoto.

Begi laini la begani

Uzito. Hili kwa kawaida ndilo jepesi kuliko yote kwenye mizani: gramu 500 hadi kilo 1 na robo kwa lita 40, kwa kuwa halina fremu, mpini wala magurudumu. Karibu uzito wote unaoruhusiwa unabaki kuwa wa vitu vyako.

Njia na mbebaji. Mbebaji hapa si lazima awe wewe, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, au Arusha kwenda Serengeti, kwa kawaida huweka kikomo cha kilo 15 na kutaka begi laini, kwani mizigo husukumwa katika nafasi finyu ambamo gamba gumu haliingii. Mlimani Kilimanjaro, kanuni za hifadhi huweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi mmoja, na kwa kuwa naye ana vitu vyake, mgeni huombwa begi lake lisizidi kilo 15. Mpagazi hulibeba kichwani au mabegani, na begi laini hutulia hapo. Sanduku lenye pembe ni adha kwake, na kwangu hilo latosha kuwa sababu ya kutolipeleka mlimani. Punda wa Lamu na mkokoteni wa hamali navyo hulipokea bila taabu.

Ukilibeba mwenyewe mambo hubadilika. Mkanda mmoja huelemea bega moja, mwili hupinda kufidia, na baada ya kilo 7 au 8 hata mita 300 huwa ndefu. Mengine yana mikanda miwili midogo inayoligeuza kuwa la mgongoni kwa muda, nyongeza ambayo ina thamani kuliko mfuko wowote wa pembeni.

Vilivyomo. Nguo, taulo na viatu hukaa vyema. Kitu cha kuvunjika hakina ulinzi, na vyote huishia kuchanganyika chini, hivyo gawa nguo katika vifuko vya kitambaa ndani yake. Yale ya turubai la plastiki huzuia mvua vizuri kuliko aina zote tatu, lakini ni mazito zaidi ya mengine ya jamii yake.

Umri na ufundi. Vya kuharibika ni vichache: zipu moja, mishono ya mishikio na vile vikulabu vya mkanda. Vikulabu vya plastiki hukatika, kwa hiyo tafuta vya chuma. Kila fundi wa mtaani analiweza.

Anayefaa. Anayekwenda mbugani, mlimani au visiwani mahali ambapo wapo wachukuzi, na mwenye gari binafsi, kwa vile hujaza vipenyo vya buti.

Katika jamii hii yafaa kuitaja shangazi kaja, begi la mirabamiraba linalofumwa kwa nyuzi za polipropilini. Uzito wake mtupu ni mdogo mno, hukunjwa likawa bapa, na hubeba kuliko yote niliyoyataja. Wafanyabiashara wa Kariakoo hawakukosea kulipenda. Zipu yake ni nyembamba na mishikio hufumuka, kwa hiyo lifungwe kamba kuzunguka, na likiwa limelala ndani ya sanduku wakati wa kwenda, litakuwa begi la pili wakati wa kurudi.

Yapo pia mabegi ya mgongoni yenye magurudumu. Yana uzito wa sanduku na jasho la begi la mgongoni, nayo hufaa tu pale ambapo sehemu kubwa ya safari ni sakafu, na kipande kifupi kinachojulikana ni ngazi.

Kwa hali yako

Ikiwa unakwenda mkutano wa siku tatu Dodoma kwa treni, au Nairobi kwa ndege, na utavaa suti, chukua sanduku dogo la magurudumu mawili. Ukisafiri na treni ya Mombasa na Nairobi, kumbuka kwamba mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wainuse, kisha hupitishwa kwenye mashine, hivyo liwe begi unaloweza kuliinua mwenyewe mara kadhaa hadi kwenye rafu ya juu ya viti.

Ikiwa unakwenda ng'ambo na kikomo chako ni kilo 7 tu bila mzigo wa chini, begi la mgongoni lisilozidi kilo 1 na robo linakupa nafasi kubwa zaidi bila kukuumiza. Ukiwa na mzigo wa chini wa kilo 23, uzito mtupu wa sanduku usikusumbue. Tazama ubora wa magurudumu na gamba.

Kwa anayekwenda Dubai au Guangzhou kununua bidhaa, sanduku kubwa jepesi lenye shangazi kaja ndani yake ni mpango mzuri kuliko masanduku mawili. Kila mzigo mmoja ubaki chini ya kilo 32, hata kama umelipia uzito wa ziada, kwa kuwa mashirika mengi hayapokei kitu kimoja kizito kupita hapo.

Mzee anayekwenda kutazama wajukuu kwa basi la usiku asinunuliwe begi la mgongoni kwa sababu tu ni jepesi. Mpeni sanduku la magurudumu makubwa, na apokewe stendi.

Na ikiwa safari yako ni Lamu au Zanzibar na nyumba uliyopangisha iko ndani ya mji wa kale, uliza kabla ya kuondoka ni umbali gani kutoka gatini hadi mlangoni. Zikiwa dakika tano na yupo kijana wa kukupokea, begi laini linatosha, na mkubaliane malipo yake mapema. Zikiwa dakika ishirini na uko peke yako, chukua la mgongoni, ulijaze vitu vyote, ulivae na upande nalo ngazi za kwako mara tatu kabla ya kuamua ni kipi kitabaki nyumbani.